Karani Aliyeandikwa Ameondoka

Ukimpitia asubuhi ukamwita kutoka njiani, "Karani, upo?" jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Kwa daftari lao, sipo." Kisha anakusogezea kigoda na kukumiminia kahawa. Wageni walidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Sisi tuliomzoea tulicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha aliokwisha kuusikia mara mia, na hatukuuliza umetoka wapi.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu mwenyewe hakupenda litajwe, wala hakuwahi kulitia kwenye karatasi hata moja kati ya zile nyingi alizotuandikia. Kisiwa kizima cha Nosy Be, huku kaskazini mwa Madagaska, kilimwita Karani, wanawe wakimwita hivyo hivyo, na hata mkewe alipomkasirikia, na alimkasirikia mara nyingi.

Kazi aliyojipa ilikuwa kuwaandikia wanyonge zabuni. Ofisi ya mji ikitaka madawati, mifagio, rangi ya kupaka soko au mtu wa kuzibua mitaro, tangazo lilibandikwa mlangoni kwa Kifaransa kigumu, na aliyenufaika nalo alikuwa mtu mmoja tu, tajiri mwenye duka kubwa jirani na soko. Tajiri hakuwa na karakana ya madawati, wala sidhani kama aliwahi kushika ufagio. Alichokuwa nacho ni mtu wa kumwandikia karatasi. Akishapewa kazi anawaita mafundi walewale waliolipita tangazo bila kulielewa, wamfanyie wao, naye anashukuriwa na ofisi. Karani alipoliona hilo alisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akatafuta taipureta iliyokosa herufi moja, akaiweka barazani kwake. Herufi iliyokosekana aliijaza kwa kalamu, moja baada ya moja, kwa subira ya mtu anayechambua mchele.

Niseme kabisa kwamba hatukuwa tukizungumza kama ninavyoandika hapa. Tulisema Kimalagasi cha kwetu, na Kingazija kidogo nyumbani, lugha ya wazee wetu waliotoka Komoro, na Kifaransa tulipobanwa. Kiswahili kilibaki kwenye dua, kwenye biashara na kwenye majina ya sehemu za chombo. Maneno ya Karani nimeyavisha Kiswahili mwenyewe, na najua angenirudishia karatasi hii imejaa mikato.

Maana alipenda mikato kuliko alivyowapenda watu wengi. "Karatasi haina huruma," alikuwa akisema, "lakini haina hasira pia. Ipe inachotaka, itakuacha upite." Kwa hiyo alitaka kila kitu kiwe mahali pake: cheti cha makazi juu, barua katikati, bei chini, pembe zote nne zimelingana. Kurasa alizishona kwa sindano na uzi mweusi. Gundi hakuwa akinunua, alitumia wali uliolala, anauponda kwa kidole na kuupaka kwenye bahasha. Safari moja sisimizi waliila bahasha ya fundi wa mitaro usiku kucha mpaka ikawa wazi. Karani hakukasirika. Aliuponda wali mwingine akautia pilipili. Sisimizi hawakurudi, ila mwandishi wa kamati ya zabuni, aliyekuwa na tabia ya kulamba kidole kila anapofunua ukurasa, alitokwa na machozi mbele ya wakubwa zake wote. Fundi wa mitaro akapewa kazi siku hiyo. Karani alikana maisha yake yote kwamba machozi yale yalisaidia.

Kuhusu saa alikuwa watu wawili. Zabuni ikifungwa saa tano, yeye alikuwa mlangoni tangu saa mbili, amekaa na mwenye bahasha, na hamruhusu hata kwenda haja. "Muda wa mwisho ni wa watu wa mwisho," alisema. Na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka dirishani bila risiti yenye muhuri, tarehe na saa. Lakini mtu huyohuyo alichelewa kila shughuli isiyokuwa na muhuri. Harusini alifika watu wananawa. Mkewe alituapia kwamba siku ya nikaha yao walimngoja mpaka shekhe akasinzia, na bwana harusi alipotokea hakuomba radhi, aliuliza kwanza kama kuna mahali palipoandikwa saa ngapi.

Malipo alikataa. Alisema akipokea kitu atakuwa amefungua biashara, na akifungua biashara itabidi aiandikishe. Hapo tena tulidhani ni mzaha. Badala yake alikula. Ukimpelekea sufuria ya wali wa nazi na samaki akuangalizie barua ya ukurasa mmoja, sufuria ilirudi imesafishwa kuliko ilivyotoka dukani, pamoja na ushauri kuhusu chumvi.

Na tajiri, je? Ungedhani ni mahasimu. Kumbe kila asubuhi walikunywa kahawa pamoja, wakibishana juu ya bei ya vanila. Nilipomwuliza anawezaje, aliniambia, "Bweni," maana hivyo ndivyo watu wetu wamwitavyo mwanamke kwa heshima, "mimi sina ugomvi na tajiri. Nina ugomvi na mlango uliofunguliwa upande mmoja."

Haya yote aliyajua kwa sababu zamani alikuwa upande wa pili wa dirisha. Huko kwao Mahajanga, mji wa bandari kusini yetu, alikuwa karani kweli, wa kupokea bahasha, katika ofisi ambayo nayo hakuitaja. Kisa alichokipenda ni cha seremala wa Boanamary aliyekuja mjini na zabuni ya madawati. Seremala hakuwa na bahasha. Alikuwa na dawati, na barua yake alikuwa ameitia ndani ya droo, kwa hoja kwamba anayenunua dawati sharti alione. Zilibaki dakika chache, na sheria ilidai kila kitu kiwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Karani alimtuma aazime magunia mawili sokoni, wakayashonea dawati zima pande zote, akaandika anwani juu ya gunia, akagonga muhuri. "Sheria inasema bahasha," alimwambia bosi wake, "haisemi saizi." Ilichukua watu watatu kuipandisha bahasha ile ghorofani. Seremala hakupata kazi, dawati lilikuwa linayumba, lakini Karani alihesabu siku ile kuwa miongoni mwa siku zake bora.

Nilimwuliza kwa nini basi aliiacha kazi nzuri vile. "Sikuiacha," alisema, "nilisafiri." Akageuza mazungumzo kwenda kwenye safari yenyewe. Alikuja kaskazini kwa lori, amelala juu ya magunia ya vitunguu, mpaka Antsahampano, ambako watu hupanda kuvuka kuja kisiwani. Pale alifumba macho, akashikwa mkono kama bibi harusi, akapandishwa pantoni, na hakuyafumbua mpaka upande wa pili. Aliogopa vyombo. Mkaazi wa kisiwa, mtoto wa Wangazija, na hata kuangalia meli inayotia nanga hakuweza. Alikuwa akizunguka kwa njia ya juu ili asipite bandarini. Tulimcheka sana kwa hilo, Mungu atusamehe.

Mimi nilimfuata kwa shida yangu. Tulikuwa wanawake watano wa kudarizi na kushona, na cherehani moja. Na hiyo moja haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mdogo wangu, marehemu, na warithi walikuwa wanane. Cherehani haigawanyiki ila iuzwe. Kaka zangu wa ukoo walituonea imani wakasema tuitumie mpaka mvua zianze. Tukipata kazi ya maana tutawanunulia fungu lao kidogo kidogo, tusipopata inakwenda sokoni. Bila cherehani ile, wawili wetu wangerudi kuchuma maua mashambani, mmoja angerudi kwa mume aliyemkimbia, na mimi sijui ningerudi wapi. Ndipo ofisi ya mji ikatangaza inataka sare za wafagiaji.

Karani alitushughulisha wiki mbili. Alitupeleka mara tatu kutafuta cheti kilekile, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa na doa la mafuta na cha pili kilikuwa na tarehe ambayo hakuiamini. Alitushonea kurasa, akatukabidhi bahasha tuifunge wenyewe, akasisitiza jambo moja: isiwe na jina, alama wala mchoro wa nje. Kamati isijue ni ya nani mpaka itakapofunguliwa. Tukaitikia. Wiki ile alikuwa na mafua mazito, pua imeziba kama mlango wa msikiti saa nne asubuhi, na hilo ndilo lililotuponza.

Kwa sababu bahasha ililala kwa Mama Echa, mkubwa wetu. Na kwetu barua ya kuomba haiendi uchi. Barua ya posa unaifukiza udi, unaipaka manukato, unaifunga kitambaani, ndipo inapokelewa. Mama Echa aliwaza: kama baba wa binti anaombwa hivyo, itakuwaje mkuu wa mji? Nyumbani kwake kulikuwa na langilangi, maua yale ambayo kisiwa chetu huyakamua mafuta ya kuuza Ulaya. Akaipaka bahasha mafuta ya langilangi mbele, akaipaka nyuma, akaongeza kwenye pembe. Jina hakuandika. Alitii agizo neno kwa neno.

Bahasha ilipotolewa mezani, mwenyekiti wa kamati aliinusa, akatabasamu, akasema, "Ah, hii ya akina mama wa cherehani."

Tajiri akasimama. Alisema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, kwamba sheria inakataza alama ya kumtambulisha mwenye bahasha, na mwenyekiti amemtambua. Watu wakacheka. Mwenyekiti akaisukuma bahasha yetu pembeni bila kuifungua. Mama Echa aliinama akalia ndani ya shuka lake. Mimi sikulia, nilikuwa nikihesabu mawingu dirishani.

Karani alipenga pua, akaivuta ile bahasha, akainusa kwa nguvu mara mbili, ndipo akaelewa. Hakutukaripia. Akanyanyua kidole. "Tompoko," alimwambia mwenyekiti kwa heshima ya Kimalagasi, "bahasha zilikuwa mbili. Sasa imebaki moja. Zabuni yenye bahasha moja haifunguliwi. Inatangazwa upya." Wakatafuta kwenye vitabu vyao, wakakikuta kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukifikia kwa kuchoka. Tukapewa siku kumi.

Nilidhani siku kumi zile atazitumia kutusugulia bahasha mpya kwa sabuni. Nyumba za akina mama zinanukia, alisema, karatasi zao zinanukia, na pesa za mfukoni mwao zinanukia. Huwezi kumwosha mtu kisiwa chake. Badala yake akazunguka mjini akawatafuta wengine: fundi wa sare za shule ambaye hajawahi kuthubutu, mshonaji wa makoti ya harusi, kijana wa matanga ya ngalawa aliyejua kushona vitambaa vizito, na mjane mmoja mwenye cherehani yake. Akamwandikia kila mmoja zabuni yake, na bei ya mmoja hakumwambia mwingine. Nilimwuliza kama amekuwa upande wetu au ametugeuka. "Niko upande wa mlango," akasema. Nilichukia siku mbili nzima.

Kisha akaziomba bahasha zote tano, zimefungwa, akazitia katika sanduku la nguo la Mama Echa pamoja na kapu zima la maua ya langilangi, akafunga kwa ufunguo. Zikakaa siku tatu.

Siku ya kufungua, mwandishi alipozitoa mezani chumba kiligeuka kuwa cha bi harusi. Mwenyekiti alipiga chafya mara nne. Akainua ya kwanza, akainusa. Akainua ya pili. Alipofika ya tano alikuwa na machozi. Ya sita haikunukia kitu.

"Tompoko," Karani akasema, "tulikubaliana kuwa harufu ni alama. Naona hapa bahasha tano hazitambulikani kabisa, kwa kuwa zimefanana. Imebaki moja tu ambayo mtu akiinusa anaijua."

"Yangu haina kitu!" tajiri akasema kwa nguvu, akasikia alichokisema, akakaa polepole.

Hata mimi niliona huruma. Karani angeweza kumtupa nje kwa kisu kilekile kilichotukata sisi, na ukumbi mzima ulikuwa ukingoja amtupe. Akasema, "Tusimwonee. Zifunguliwe zote, tukubaliane kwamba pua si mjumbe wa kamati." Mwenyekiti alishukuru kwa Kimalagasi na kwa Kifaransa, akaziagiza zifunguliwe, na madirisha pia.

Yetu ilishinda. Ilimpita kidogo sana yule wa sare za shule, nikaelewa kwamba Karani hakutubeba hata hatua moja. Tukamwita huyo tushone naye, kwa kuwa mikono yetu haikutosha. Mvua zilianza cherehani ikiwa bado inanguruma, na kaka zangu wakawa wanapitia kuuliza hali na kuondoka wamekula. Sare tulizishonea nyumbani kwa Mama Echa, kwa hiyo kwa muda wa miezi miwili wafagiaji wa mji walipita alfajiri wakinukia kama watu wanaokwenda kuoa. Na tajiri, kesho yake asubuhi, alikunywa kahawa barazani kwa Karani kama kawaida, ila safari hiyo alikuja na bahasha yake amwangalizie kama imefungwa vizuri.

Miaka ikapita. Mkewe alifariki, binti yake akamchukua kumrudisha Mahajanga, naye akavuka pantoni vilevile, macho amefumba. Mimi nikabaki na cherehani, zikawa tatu, zikawa tisa.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda Mahajanga mwenyewe, kupeleka zabuni ya mashuka. Nilimkuta mtaa wa Ampisikina, chumba cha nyuma nyumbani kwa binti yake, amekonda, na macho safari hii yamefumbwa na Mungu mwenyewe. Alinijua kwa sauti. Kabla ya kuniuliza habari za watu aliniomba bahasha. Akapitisha kidole kwenye pembe, akabonyeza gundi, akaipeleka puani.

"Hainuki kitu," akasema. "Umekua, bweni."

Kisha akapapasa chini ya godoro kwa muda mrefu, akatoa bahasha nyingine, ya zamani, imegeuka rangi ya chai. Imefungwa kwa wali. Akaishika kwa mikono miwili asiniachie mara moja, na ndipo aliponieleza umetoka wapi ule mzaha wa daftari.

Zilipotokea zile fujo za Mahajanga dhidi ya Wakomoro, mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita, na watu wetu wakapakiwa melini maelfu kwa maelfu kurudishwa visiwani Komoro, yeye alikuwa amefichwa na jirani Mmalagasi ndani ya ghala la vitunguu. Yalipotulia alirudi kazini. Dirishani kwake alikuwa amekaa mtu mwingine. Huyo alifunua daftari la wafanyakazi akamwonyesha: mbele ya jina lake pameandikwa "ameondoka". Karani alisema mimi huyu hapa. Yule akajibu, bila ubaya, kwamba daftari linasema ameondoka. Ndipo alipoandika barua hii, ya kuomba jina lirekebishwe na miaka yake ya kazi ihesabiwe. Aliiandika siku ileile, akaifunga, akaja nayo hadi mlangoni. Hakuingia.

"Kwa nini?" nilimwuliza.

"Hawakutangaza muda wa mwisho," akasema, na akataka tucheke. Sikuweza. Akaendelea kwa sauti ndogo, "Niliogopa wakijua nipo wataniandalia meli."

Mtu aliyetusukuma sote madirishani, aliyembana tajiri kikaoni na kunifundisha mimi kusimama wima, yeye mwenyewe aliishia mlangoni. Nilimwonea uchungu na hasira pamoja, nikamwambia hivyo. Alisema, "Haki yako," akaniachia bahasha.

Kesho yake nilipeleka bahasha mbili kwenye dirisha lililokuwa lake, yangu ya mashuka na yake. Msichana wa dirishani alizipokea bila kunitazama, na ile ya zamani aliigeuza mara moja tu akauliza inahusu nini. Nikamwambia inahusu mtu aliyepo. Sikuondoka mpaka nikapewa risiti, muhuri, tarehe na saa.

Nilirudi Ampisikina nikamwekea risiti mkononi. Aliupapasa muhuri kwa dole gumba mpaka wino, uliokuwa bado mbichi, ukamtia rangi.

"Saa waliandika?"

"Wameandika. Saa tatu na dakika kumi."

"Wanafungua saa mbili," akasema. "Umechelewa."

Nikamwambia ndiyo, tumechelewa. Aliendelea kuishika ile karatasi. Sikuwa na hakika kama watamjibu, na yeye alijua kuliko mimi jinsi majibu yanavyokwenda. Nje akapita jirani na gunia la mkaa kichwani, mtu ambaye bila shaka alikuwa akipita hapo kila siku na kusema maneno hayohayo.

"Karani, upo?"

Alinyanyua uso kuelekea dirishani, dole gumba limejaa wino.

"Nipo," akasema.